Kabla ya Kuhamia Lubumbashi, Tuhesabu Kwanza

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama ku mkutano mkuu, Moba. Tumeyaandika karibu vile yalivyosemwa, kwa ajili ya wale ambao hawakufika.)



Komite ilituomba tuseme juu ya jambo moja ambalo liko ku kinywa cha kila mtu tangu mavuno yaishe: kuhamia Lubumbashi. Sisi wa ONG tunaozunguka Moba-Port, Kirungu na kule Pepa, kila wiki tunakuta familia moja au mbili zinafunga mizigo. Wengine wanapita njia ya Pepa na Pweto na magari ya mizigo. Wengine wanashuka na boti mpaka Kalemie kwanza. Na karibu wote, kabla ya kuondoka, wanapita ku kasha ya chama kuomba mkopo.

Tuanze na kusema wazi: hatukuja kukataza mtu. Katiba ya inchi yetu inampa kila mtu haki ya kutembea na kukaa anakotaka. Kuna mtoto aliyepata nafasi ku Université de Lubumbashi, kuna mgonjwa anayetafuta hospitali kubwa, kuna kijana fundi ambaye kazi yake haina wateja hapa. Hao wako na sababu. Tunachotaka kusema ni kimoja tu: watu wengi wanalinganisha bei za vitu, kumbe wanapaswa kulinganisha maisha ya mwezi mzima. Hayo si mambo mamoja.

Mtu anapiga simu ku ndugu yake Lubumbashi, anauliza: unga ni ngapi? Mafuta ni ngapi? Sabuni? Anaona sabuni ni bei karibu moja na ya hapa, pengine hata chini, juu hapa vitu vinafika vimekwisha kulipiwa boti na gari. Anauliza tena: kazi inalipa ngapi? Anasikia namba mara mbili, mara tatu ya ile anayopata hapa. Basi anaona hesabu imeisha, mji umeshinda. Lakini hakuuliza juu ya vitu ambavyo hapa havina bei kabisa.

Vitu vya bure vinavyogeuka feza

Wengi wenu mulikaa Zambia, ku kambi za Kala na Mwange. Kuanzia 2007 meli MV Liemba iliwatoa Mpulungu ikawashusha hapa Moba. Kumbukeni maisha ya kambi: nyumba hukulipia, maji hukulipia, unga na maharagi vilitoka ku mgawo, shule na dawa vilikuwepo. Kuna vijana wazima kati yenu ambao walizaliwa kule na walikua bila kumuona mwenye nyumba akipiga hodi mwisho wa mwezi.

Kisha mulirudi. Hapa hakuna mgawo, lakini kuna shamba. Muhogo unatoka ku shamba, sombe inatoka nyuma ya nyumba, kuni zinatoka porini, maji yanatoka ku mto ao ku bomba la kijiji, na nyumba ulijenga na matofali uliyochoma mwenyewe. Hiyo yote ni mali, ila haipiti ku mkono kama feza, na ndiyo maana hatuihesabu.

Lubumbashi, vile vitu vyote vinapita ku mkono kama feza. Nyumba ni feza kila mwezi. Makala ni feza. Kidumu cha maji, kama parseli haina bomba wala kisima, ni feza, na familia ya watu sita inamaliza vidumu vingi kwa siku. Umeme wa SNEL ni fakture, hata kama unakuja usiku tu. Hata majani ya sombe unanunua. Mama moja aliyerudi kutoka kule alituambia hivi: "Ku Moba tulikuwa tunakosa feza lakini tunakula. Kule feza tulikuwa tunaiona kila siku, ila ilikuwa inapita tu."

Kuna baridi pia. Wale wa Moba-Port wamezoea joto la ziwa. Lubumbashi iko juu, na mwezi wa 6 na wa 7 usiku unauma. Watoto wanne bila blanketi ni matumizi ambayo hakuna aliyeyaandika.

Kipimo kidogo ni bei kubwa

Jambo la pili. Bei ambayo ndugu anakuambia ku simu ni bei ya mfuko mzima: mfuko wa unga wa kilo 25, mfuko mzima wa makala. Lakini mtu anayepata feza siku kwa siku hanunui mfuko. Ananunua unga kwa kopo, makala kwa kifuko cha plastiki, mafuta kwa kichupa. Ukijumlisha vile vikopo mpaka vifike kilo 25, utakuta umelipa zaidi ya mfuko. Ni kusema, maskini wa mji ananunua unga uleule kwa bei ya juu kuliko tajiri. Kwa hiyo ukiuliza bei, uliza zote mbili: ya mfuko na ya kopo. Kisha jiulize kwa ukweli, wewe utakuwa unanunua ipi?

Na unga wenyewe una hadithi yake. Lubumbashi haijilishi yenyewe. Mahindi na unga mwingi vinatoka Zambia, vinapita mpaka wa Kasumbalesa. Zambia ikivuna vizuri, mji unapumua. Zambia ikipatwa na ukame, kama vile 2024 serikali yao ilipoutangaza kuwa janga la taifa, ao mpaka ukifungwa kidogo tu, bukari inapanda bei ku kila sahani ya mji. Hapa, mvua ikikosekana tunaumia pia, lakini muhogo unabaki ndani ya udongo unatungoja. Mfuko wa unga hauna tabia hiyo.

Tusisahau dola na franka. Kodi ya nyumba inatajwa kwa dola, kazi nyingi za mikono zinalipa franka. Dola ikipanda, mshahara wako haupandi nayo. Andikeni kila kitu ku feza moja, ao dola ao franka, musichanganye. Hesabu iliyochanganywa inadanganya hata mwenye kuiandika.

Feza ya kuingia

Jambo la tatu ndilo linaloangusha wengi: feza ya kuingia ku mji, kabla ya siku ya kwanza ya kazi.

Ukipata nyumba, mwenye nyumba anaomba garanti, ni kusema miezi kadhaa ya kodi mbele. Komisionere aliyekuonyesha nyumba anaomba yake. Hapa musikie vizuri: sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya nyumba za kupanga inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite miezi mitatu. Wengine wanaomba zaidi. Ukiijua sheria unaweza kusema, "Baba, sheria ni miezi mitatu," kwa heshima, na pengine mukasikilizana. Omba mkataba wa maandishi na risiti ya garanti, juu hiyo garanti ni feza yako. Siku utakapotoka, bila deni na bila uharibifu, inapaswa kukurudilia. Bila karatasi utaidai kwa nani?

Baada ya hapo kuna njia: watu, magodoro, masufuria. Msimu wa mvua gari linaweza kulala njiani siku nyingi, na kila siku munakula. Na kuna miezi ya kungoja kazi. Hiyo ndiyo haina mwisho unaojulikana.

Tufanye hesabu pamoja

Sasa chukueni kalamu. Namba hizi si bei za soko. Ni namba za kujifunzia, kila mtu ataweka zake. Tuseme familia ya watu sita: baba, mama, watoto wanne. Tunahesabu kwa dola, matumizi ya mwezi moja.

Kodi ya nyumba: Moba 0, Lubumbashi 50.
Unga: Moba 4 (kusaga tu), Lubumbashi 45.
Mboga, samaki, mafuta, chumvi: Moba 20, Lubumbashi 60.
Makala: Moba 0 (kuni), Lubumbashi 24.
Maji: Moba 0, Lubumbashi 10.
Umeme: Moba 0, Lubumbashi 5.
Usafiri: Moba 5, Lubumbashi 26.
Shule: Moba 12, Lubumbashi 20.
Akiba ya ugonjwa: Moba 5, Lubumbashi 10.
Simu: Moba 4, Lubumbashi 5.
Sabuni: Moba 8, Lubumbashi 8.

Jumla: Moba 58, Lubumbashi 263.

Mapato: tuseme hapa baba na mama pamoja wanapata 70 kwa mwezi. Kule baba ameahidiwa 200. Karibu mara tatu! Lakini hapa wanabaki na 12 mkononi. Kule wanakosa 63 kila mwezi. Mama akianza biashara ndogo mbele ya nyumba, ikamuachia 60, bado wanakosa 3, na hakuna mtoto aliyeugua wala jamaa aliyekufa.

Tazameni safu ya sabuni: 8 na 8. Yule aliyeuliza bei ya sabuni peke yake aliona miji miwili iko sawa.

Tazameni pia safu ya usafiri. Nyumba za bei ya chini ziko pembeni, kule commune Annexe ao mbali ndani ya Ruashi. Kazi iko katikati. Ukikimbia kodi kubwa, unaikuta ku taksi. Kwa hiyo kodi na usafiri vihesabiwe pamoja, kama kitu kimoja.

Juu ya shule: tangu 2019 shule ya msingi ya serikali ni bure, hapa na kule. Lakini sekondari inalipiwa, na kama shule ya serikali ya jirani imejaa, mzazi anajikuta anapeleka mtoto ku shule ya mtu binafsi. Uliza mbele kama kuna nafasi, si mwezi wa 9 ukiwa umefika tayari.

Sasa feza ya kuingia, kwa namba zilezile. Garanti ya miezi mitatu, 150. Mwezi wa kwanza, 50. Komisionere, 50. Safari ya familia na mizigo, 180. Vyombo na blanketi, 70. Mwezi moja wa unga, mboga na makala, 129. Jumla 629. Na kila mwezi mwingine bila kazi unaongeza 179, kodi na chakula tu.

Ninyi wenyewe munajua kasha yetu. Mkopo wa 629 kwa familia moja unanyima familia ngapi mbegu za msimu?

Kile unachoacha nyuma

Hapa tunafika ku jambo lililotusukuma kusimama mbele yenu. Mtu akikosa mkopo, anauza parseli. Ao anaacha shamba hivihivi, anasema nitarudi.

Wazee, ninyi munajua kuliko sisi. Muliporudi kutoka Zambia, wangapi mulikuta mashamba yenu yanalimwa na wengine? Wangapi muliketi miezi mbele ya chifu mukitafuta mashahidi wa mti na wa mpaka? Kesi zingine za wakati ule hazijaisha mpaka leo. Sasa tunaanza kuona mtoto wa yuleyule aliyepigania shamba analiuza kwa bei ya garanti na nauli.

Turudi ku hesabu. Familia inauza parseli, inapata 629, inaingia mji, inakosa 63 kila mwezi. Mwezi wa nne deni ni 252. Wanaamua kurudi. Watarudi wapi? Shamba na parseli ndiyo ilikuwa bima yao, na wameilipa kama nauli. Mtu aliyeshindwa mji lakini ana shamba ni mtu aliyesafiri tu. Aliyeshindwa mji na hana shamba amekuwa mkimbizi tena, mara hii ndani ya inchi yake.

Njia nyingine

Kuna njia ambayo tumeiona familia kadhaa zikiifuata, nayo inastahili kuhesabiwa. Mtu moja anatangulia. Anapanga chumba pamoja na mwenzake, analipa nusu. Tuseme kodi 25, chakula 45, usafiri 26, simu 5, maji na sabuni 10: jumla 111. Ku mshahara wa 200 anabaki na 89. Anatuma nyumbani 30, anaweka 59.

Feza yake ya kuingia: nusu ya garanti 75, mwezi wa kwanza 25, nauli 40, chakula cha mwezi 45: jumla 185. Chama kikimkopesha hiyo, analipa kwa miezi mitatu na kidogo. Baadaye miezi kumi na moja ya kuweka 59 inafika 649, na feza ya kuingia ya familia iko mkononi, bila kuuza kitu. Mwaka moja na miezi mitatu hivi.

Na akifika hapo, arudie hesabu ya mwezi kabla ya kuita familia. Kama bado wanakosa 63, feza ya kuingia haitawaponya. Afadhali angoje mpaka kazi ya mama ao mshahara bora ujulikane.

Tumesikia wamama wakinung'unika hapo nyuma, na wako na haki. Wamesema: baba akitangulia, anasahau, anapata bibi mwingine, simu inazimwa. Hilo si jambo la kucheka. Ndiyo maana tunapendekeza kwamba mkopo usainiwe na bibi na bwana wote wawili, na ile 30 ya nyumbani ianze mwezi wa kwanza wa mshahara, ipitie simu ya mama. Na wakati mwingine anayefaa kutangulia si baba. Mama mshonaji ana kazi mkononi kuliko bwana asiye na ufundi. Familia ichague kwa hesabu.

Tunachoomba

Kwa komite na wanachama, tunaomba mambo manne yaamuliwe leo kwa kura.

La kwanza, hakuna mkopo wa kuhama bila karatasi ya hesabu ya mwezi, safu mbili, hapa na kule, iliyojazwa na bibi na bwana pamoja na mtu moja wa komite. Asiyejua kuandika, atasaidiwa. Hesabu ni yake.

La pili, mkopo wa kuhama uwe wa mtu anayetangulia, si wa familia nzima, isipokuwa kwa ugonjwa ao usalama.

La tatu, chama kisipokee parseli kama rehani ya safari. Na anayeondoka aache karatasi inayosema nani analima shamba lake na mpaka lini, mbele ya chifu na mashahidi wawili wa jirani.

La nne, wanachama wetu walioko Lubumbashi, ku Katuba, ku Kenya, ku Ruashi, watusaidie. Kila mwisho wa mwezi mmoja wao apige simu na kutupa bei kumi: mfuko wa unga na kopo, mfuko wa makala na kifuko, kidumu cha maji, chumba kimoja, nauli ya kufika katikati, na zingine tutakazochagua pamoja. Tutazibandika ku ukuta wa ofisi, karibu na bei za hapa.

Kwa ninyi wafadhili wetu, tunasema kwa shukrani na kwa wazi. Mipango mingi ya kurudisha watu ilihesabu safari, mabati na mbegu, kisha ikafunga daftari. Lakini mtu aliyerudi anaendelea kusogea, anatafuta maisha. Hatuombi mulipie watu kwenda mjini. Tunaomba mutusaidie kukuza ile kasha ndogo ya mtu anayetangulia, na kulipia kalamu, karatasi na simu za bei. Ni kitu kidogo, nacho kinaweza kuzuia parseli nyingi zisiuzwe.

Wapendwa, mji si adui. Kuna watu wa Moba waliofika Lubumbashi mikono mitupu na leo wanasomesha watoto wetu. Lakini kila tulipowauliza wale waliofaulu, walikuwa na kimoja kati ya vitatu: kazi iliyojulikana kabla ya safari, ndugu wa kuwapokea kweli, ao shamba nyuma lililowatumia mfuko wa maharagi. Wenye vyote vitatu hawakuogopa mwisho wa mwezi.

Karatasi za hesabu ziko ku meza karibu na mlango. Chukueni moja kila nyumba. Mukishajaza, ileteni ku komite siku ya Alhamisi, tutaangalia pamoja.